Pembe za Maviking Niliziweka Mimi

Nianze kwa kukiri kabla hamjanicheka: hii habari inanionyesha mjinga. Tena siyo mjinga wa pembeni, mjinga wa kusimama mbele ya usharika mzima na maiki mkononi. Lakini nimestaafu, na mstaafu anaruhusiwa kusema aliyoyafanya. Nina miaka thelathini na moja. Najua wengine wanastaafu na sitini. Mimi koo lilistaafu kwanza, nikalifuata.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri filamu kwenye vibanda umiza. Kwa nyie mliozaliwa mkakuta kila mtu ana simu yake: kibanda umiza ni chumba cha mabati, televisheni moja mbele, mabenchi ya mbao yasiyo na mgongo, watu wamebanana, na pembeni kuna mtu mmoja ameshika maiki anawaambia kwa Kiswahili nani kasema nini. Huyo mtu nilikuwa mimi, miaka kumi na mbili. Jina la kuzaliwa Elibariki, jina la kazi DJ Mchuzi. Nilikuwa nawaambia wateja: filamu ni wali, na wali mkavu nani anakula?

Nawaandikia machalii wachache mliobaki na maiki hapa Arusha, Sombetini, Ngaramtoni na kwingineko. Nilipwaga nini sitasema, msije mkalia bure.

Aliyenifundisha alikuwa Bro Tindo wa Kaloleni, mtu mzima, fundi cherehani aliyeacha cherehani kwa sababu macho yalichoka ila mdomo bado. Vifaa vyake vyote vilienea kwenye mfuko wa rambo: maiki moja, waya mmoja uliofungwa plasta katikati, na soksi nyeusi ya kuvalisha maiki ili isipige upepo. Soksi ilikuwa safi. Hilo alilisisitiza kuliko kitu chochote. "Utaibusu hii soksi saa sita kwa siku," aliniambia, "kwa hiyo ujue imetoka mguu wa nani."

Siku yangu ya kwanza aliniachia filamu ya vita baada ya chakula cha mchana. Kanuni ni kwamba dakika ya kwanza unawatajia watu steringi ni nani, ili wajue wamshangilie nani. Nikaona jamaa mrefu ana kifua, nikatangaza: "Huyo ndiye steringi wetu!" Kibanda kikapiga makofi. Dakika ya ishirini steringi akapigwa risasi, akafa. Nikasema anajifanya. Wakamzika. Nikasema aliyezikwa ni pacha wake. Tulikaa tukimsubiri steringi mpaka filamu ikaisha, na mzee mmoja akaninyooshea kidole mlangoni akasema, "Akirudi unipigie."

Nilidhani Bro Tindo atanifukuza. Alicheka mpaka akakaa chini. Ndipo akanipa sheria niliyoishika kuliko zote: usiache kimya. "Ukinyamaza," alisema, "mtu anakumbuka kwamba benchi linauma. Hujui? Ongea. Umesahau? Ongea zaidi."

Nikaongea. Mimi nimeishia darasa la saba, na Kiingereza changu wakati huo kilikuwa maneno kama kumi, manne kati yake matusi. Kichina sikuwa na hata moja, na bado nilitafsiri filamu za Kichina mpaka watu wakalia. Nilikuwa naangalia filamu kwanza peke yangu bila sauti, nasoma nyuso, halafu wahusika nawapa majina ya mtaani kwetu. Adui mkubwa nilimpa jina la mwenye nyumba wangu. Kila alipopigwa, wapangaji wote wa pale walinunua soda.

Sasa filamu zilizonipa jina ni za Maviking. Wale Wazungu wa zamani wa kule kwenye baridi: kofia za pembe, ndevu zina vipande vya nyama, shoka huku, fuvu la kunywea pombe huku. Wengine wanaziogopa filamu za hivyo kwa sababu watu wanaongea kidogo na wanapiga kelele sana. Mimi nilizipenda kwa hiyo hiyo sababu. Mtu akisema "Aaaargh," nani atakupinga ukisema ametaja jina la shangazi yake? Nilieleza kwamba Viking haogi toka azaliwe mpaka afe, kwamba pembe zinaota taratibu kadiri anavyoua, kwamba mtoto wa Viking halimi wala hachungi, anapewa shoka akiota meno. Hayo hayakuwemo kwenye filamu. Ni mchuzi wangu. Watu waliyabeba wakaenda nayo nyumbani kama maarifa.

Hapo ndipo anaingia Upendo, na baba yake.

Upendo nilikutana naye mjini. Alikuwa mapokezi kwenye hoteli ndogo, Kiingereza anakipiga kama maji, na ndiye mtu wa kwanza kuniambia usoni, "Wewe Eli, pale hawakusema hivyo hata kidogo." Nikajua huyu nikimwacha nimekwisha. Kwao ni juu mlimani, Meru, ukishaipita Usa River unapanda. Baba yake ana kahawa na migomba, ni mzee wa kanisa, na hacheki mtu akimaliza kichekesho. Anasubiri kama kuna sehemu ya pili.

Mjomba wangu alipeleka barua ya posa. Barua yenyewe aliichapa rafiki yangu Gody wa bodaboda, kwa sababu ana shemeji mwenye duka la steshenari, na Gody akaona kuandika "mtafsiri wa filamu" haitoshi. Akaandika kwamba mwombaji ni "mtaalamu wa lugha za kigeni". Niliisoma. Nikaiona nzuri. Nikaiacha iende.

Wiki sita hakuna jibu. Upendo akaniambia baba yake ameiweka juu ya kabati, na kila akipita anaiangalia. "Anasema ataijibu akishakuona ukifanya kazi," akasema. "Hataki kumpa mtoto wake mtu anayepiga kelele mbele ya televisheni halafu basi."

Jumapili moja Upendo alinialika ibadani kwao, na usharika ulikuwa na mgeni. Mama Inga, mama wa makamo kutoka Norwei, kwenye usharika rafiki wao. Kazi yake ni kwenye makumbusho, na aliahidi baada ya ibada atawaonyesha watu picha za mababu zake wa zamani. Mchungaji siku hiyo alikuwa kwenye ibada ya mtaa mwingine. Mwalimu ambaye huwa anatafsiri alikuwa msibani Moshi. Mwinjilisti akauliza nani atasaidia, na Baba Upendo akasimama, mbele ya watu wote, akasema, "Tuna mtaalamu wa lugha za kigeni hapa."

Alikuwa ananiangalia mimi.

Nilikuwa nimevaa viatu vya Gody, namba moja chini ya yangu. Nikasimama. Upendo alikuwa anaelekea jikoni na akina mama, maana wageni walikuwa hawajala. Akanipitia karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Eli, ukikwama niite. Niko jikoni, hatua ishirini tu." Nikamkonyeza. Mtu anayekonyeza namna ile ndio anaelekea kuzama.

Ukumbini walitundika vitenge madirishani ili projekta ionekane. Mstari wa mbele wamekaa wazee na mabibi. Maiki nikapewa, haina hata soksi. Mama Inga akasema "Bwana asifiwe" kwa Kiswahili, watu wakamshangilia, akaanza Kiingereza. Nikasikia neno moja tu ninalolijua: Vikings. Moyo ukatulia. Nikajua leo nipo nyumbani.

Picha ya kwanza: kitu cha mfupa, kina meno meno. Mama Inga akaongea kwa upole, anatabasamu. Nikanguruma kwenye maiki: "Wapendwa! Huu ni msumeno! Maviking walikuwa wanaukatia vidole vya adui zao, kimoja kimoja!"

Watu wakasema, "Yesuu!" Bibi mmoja mstari wa mbele, wanamwita Bibi Nako, akainamisha kichwa upande mmoja. "Hiyo si chanuo hiyo?"

"Inafanana, bibi," nikamwambia, "lakini ni msumeno."

"Vidole vya nani hivyo, vya panya?"

Wakacheka. Nikapitiliza haraka. Picha ya pili: mwanamke amesimama, kiunoni kuna funguo zinaning'inia. Nikasema huyo ni askari wa gereza la mateka, katili kuliko wanaume. Bibi Nako akainua ncha ya kanga yake taratibu, akafungua fundo, akatoa funguo zake mbili za stoo, akazitikisa mbele ya ukumbi. "Basi na mimi ni askari magereza."

Ukumbi ukavunjika. Hata Mama Inga akacheka, akaonyesha zile funguo za bibi, halafu za kwenye picha, akapiga makofi kwa furaha. Mimi peke yangu ndiye sikuelewa kwamba bibi, bila Kiingereza hata kidogo, ametafsiri sahihi.

Picha ya tatu ilikuwa mchoro wa nyumba ndefu, imekatwa ubavu uone ndani. Upande huu watu wameketi kwenye moto. Upande ule ng'ombe. Nikasema hii ni kambi ya Maviking, na hao ng'ombe wameibiwa asubuhi ya siku hiyo hiyo.

Baba Upendo akanyoosha mkono. Anaongea polepole yule mzee, unaweza kunywa chai katikati ya sentensi zake. "Kijana. Kila ng'ombe hapo ana nafasi yake. Kuna mbao zimetenganisha. Kuna mfereji wa mkojo umechimbwa. Mwizi wa asubuhi amechimba saa ngapi?"

Nikaangalia viatu vya Gody.

Bibi Nako alikuwa ameshasimama, amesogea mpaka kwenye ukuta, anaigusa picha kwa kidole. "Hii ni nyumba ya baba yangu," akasema. "Ng'ombe huku, sisi huku. Joto lao ndilo lilikuwa blanketi letu. Mwambie huyu mama, kwao kulikuwa baridi kama huku kwetu?"

Mwambie. Yaani sasa natakiwa kupeleka swali kwa Kiingereza. Nikamgeukia Mama Inga na maneno yangu kumi. Nikasema "cow" nikasema "my friend". Mama wa watu akaniangalia kwa huruma, halafu akaanza kueleza kitu kirefu, siyo cha picha tena, ameweka mkono kifuani, anamtazama Bibi Nako machoni. Ameongea kama dakika mbili. Akamaliza. Watu wote wakanigeukia.

Vifaranga nilivisikia nje. Baba Upendo alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, anasubiri aone nikifanya kazi. Na mimi, nawaambia ukweli, mchuzi ulikuwa tayari mdomoni: amesema babu yake alikuwa na pembe saba. Ingetoka vizuri tu. Bro Tindo angejivunia. Lakini bibi alikuwa amesimama pale, kidole bado kipo kwenye nyumba ya baba yake, anasubiri jibu la swali ambalo aliliuliza kweli.

Nikasema, "Sijui."

Mwinjilisti akadhani maiki imekatika. "Unasemaje?"

"Sijui alichosema. Sijui Kiingereza. Tangu mwanzo nilikuwa natunga." Halafu nikageukia mlango wa jikoni nikaita kwa nguvu zangu zote za kibanda, "Upendo! Nimekwama!"

Hatua ishirini zile alizitembea na mwiko mkononi. Nilimpa maiki, nikaenda kukaa nyuma kabisa karibu na mlango, nikavua viatu vya Gody. Ndugu zangu, sijawahi kupumua vile. Nilijua posa imekufa, barua juu ya kabati itawashiwa jiko kesho, lakini nilikaa pale na soksi zangu nikajihisi mwepesi kama mtu aliyetua gunia la mkaa. Nilikuwa nimelibeba miaka kumi na mbili nikidhani ni kipaji.

Upendo alitafsiri polepole. Asipoelewa anauliza, anaulizwa, anarudia. Kimya kilikuwa kingi na hakuna aliyelalamikia benchi. Na ndivyo nikasikia kwa mara ya kwanza wale watu niliowauza miaka yote walikuwa nani. Pembe hawakuvaa. Katika makaburi yao na mashamba yao, Mama Inga alisema, haijapatikana kofia ya pembe ya wakati wao hata moja. Pembe waliwavalisha watu wa maonyesho, baadaye sana. Walichana nywele, na ule msumeno wangu ni chanuo, mtu alizikwa nalo. Waliita Jumamosi siku ya kuoga. Wengi walikuwa wakulima na wafugaji, na mwenye funguo za stoo alikuwa mama wa nyumba. Hakuwapaka sukari lakini. Alisema ni kweli wapo waliopanda mashua wakaenda kupora na kuua, na walichukua watu utumwani, na kwao hawalifichi. "Ila filamu," Upendo akatafsiri, "zimemchukua yule aliyeondoka na shoka, zikamsahau aliyebaki kukamua."

Na kile kirefu nilichokwama nacho? Alikuwa anamjibu Bibi Nako kabla hata ya kuulizwa. Alisema bibi yake mzaa mama alimsimulia wazee wao walivyokuwa wakilala karibu na ng'ombe kwa ajili ya joto, na hakutegemea kumpata mtu wa kumwelewa huku kwenye jua.

"Jua gani?" Bibi Nako akasema, anajifunika kanga. "Njoo mwezi wa saba."

Mama Inga akauliza, na nyie filamu zinawaonyeshaje? Mzee mmoja Mwarusha, hao ndugu wa Wamasai, mkwe wa pale, alikuwa ametoka upande wa Ngaramtoni, akajibu bila kusimama: "Sisi tunaruka tu. Asubuhi tunaruka, mchana tunaruka, jioni jua likizama tunaruka. Sijui ng'ombe anakamuliwa na nani."

Tulicheka mpaka mwinjilisti akafuta macho. Baba Upendo hakucheka. Alikuwa anasubiri sehemu ya pili. Tulipotoka nikampa shikamoo ya kuagana, akasema "marahaba" peke yake, akaenda kuangalia wageni kama wamekula.

Jumamosi iliyofuata saa tisa mchana nilikuwa na zamu Sombetini. Filamu: Maviking. Kibanda kimejaa, Gody yupo mstari wa katikati. Nikavalisha maiki soksi, nikaanza, na nilipoona ile kofia ya kwanza nikashindwa.

"Jamani," nikasema, "hizo pembe hawakuvaa. Ni za watengeneza filamu."

"Mchuzi, unaumwa?"

"Siumwi. Na pembe haziendi popote, zipo hapo kwenye skrini, angalieni. Ninachosema ni za dukani."

"Rudisha pembe!" wakapiga kelele. "Rudisha pembe!"

"Na huyu mkubwa wao amepakwa matope kwa ajili ya kamera. Jumamosi kama leo alikuwa anaoga."

"Bora yeye," akasema mtu, "Gody hapa toka Alhamisi." Gody akamrushia ganda la ndizi, na nikajua nimesamehewa kidogo.

Tukaenda hivyo. Ninachokijua nasema, nisichokijua nasema sikijui. Katikati ya filamu ikafika sehemu ya kijana na mzee ndani ya nyumba, wanaongea taratibu, hakuna shoka. Dakika nzima. "Hapa sijaelewa maneno," nikawaambia. "Naona tu kijana anaomba kitu na mzee bado hajaamua."

Huko nyuma, mtu akakohoa. Kikohozi cha mtu mzima, cha kanisani. Nikachungulia: katikati ya madereva wawili wa bodaboda, koti limefungwa mpaka kifungo cha juu, kofia magotini, Baba Upendo.

Sijui aliingia saa ngapi. Sikumbuki ile filamu iliishaje. Hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kwangu, na koo nalo lilikuwa limeshagoma. Maiki na soksi yake nilimrudishia Bro Tindo siku ya pili, na sasa nina kitalu cha miche ya parachichi. Mche hausubiri uuambie kitu.

Watu walipotoka nilimkuta mzee nje, anajinyoosha mgongo kwa mikono miwili. Nikaweka mkono kifuani. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Mabenchi yako yanaumiza."

"Ndiyo, baba. Samahani."

Akatoa kwenye mfuko wa ndani wa koti bahasha ambayo niliijua, ina alama ya vumbi ya juu ya kabati. Akanirudishia mkononi. Nikaona mwisho wangu umefika, pale pale mbele ya Gody.

"Hii ameiandika yule wa pembe," akasema. "Kaandike nyingine, kwa mkono wako. Na ukifika mahali hujui, andika hujui. Hiyo nitaijibu."